Uso Haujajaa Kiganja

Jumatatu, 4 Machi

Fundi Taa,

Shikamoo. Natumai huko wote ni wazima, na Mama anameza dawa zake badala ya kuzificha chini ya cherehani.

Flashi ya picha za harusi ya binti wa mwalimu mkuu imefika kwa basi. Asante. Kabla ya kazi nikupe habari: hapa ofisini ninapohariri picha wametuletea skrini mpya. Ni kali ajabu, unaweza kuhesabu kope za mtu. Ile ya zamani nikiikumbuka naiona kama dirisha la jikoni.

Sasa tatizo. Unaijua sheria ya marehemu Baba, maana ulikuwa umemshikia taa siku aliponifundisha. Fungua picha kwenye programu, iweke asilimia mia, kisha weka kiganja juu ya uso. Uso ukijaa kiganja, picha inafaa kupanda ukutani. Usipojaa, iishie kwenye albamu. Miaka yote picha zako zilijaa, siwezi kukunyima haki yako. Hizi hazijai. Uso wa bibi harusi unaishia katikati ya kiganja changu. Nimefungua nyingine na nyingine, zote ni vivyo hivyo.

Sisemi kitu, nauliza tu. Umebadilisha kamera? Au umenitumia nakala ndogo na kubwa zikabaki huko? Familia ya mwalimu inataka picha ya sebuleni, ile ya kufunika ukuta, na mimi siwezi kukuza kitu ambacho hakipo. Nitumie zile kubwa, haraka.

Kitinda


Jumamosi, 9 Machi

Mwanangu Kitinda,

Nisamehe kama neno hilo limekuchoma. Kalamu imezoea vibaya.

Marahaba. Mama yako hajambo. Dawa sasa anaficha kwenye kopo la vifungo, nimeshapagundua lakini sijasema, nasubiri apate raha ya ushindi kidogo.

Barua yako niliisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimevaa miwani. Kamera ni ileile. Sijaiuza, sijaiangusha, na hakuna kamera ya pili ninayoifuga kwa siri. Picha nilizokutumia ndizo hizo hizo zilizotoka kwenye kadi, hakuna kubwa zilizobaki. Nilipopata barua yako nikaenda kwenye skrini yetu hii ya hapa studio, nikamfungua bibi harusi asilimia mia, nikaweka kiganja. Amejaa mpaka kidevu kikanipita. Sasa sijui. Labda mkono wangu umesinyaa kwa uzee. Labda flashi ina homa. Nakutumia flashi nyingine, nimenakili upya kila kitu.

Nina ombi moja tu. Hili tulimalize mimi na wewe, lisifike kwa mama yako. Unaijua presha yake, na unajua ndugu zake wananitazama vipi tangu tuoane. Wanasubiri tu nijikwae.

Mimi,
Fundi Taa


Ijumaa, 15 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naandika hili kwa hasira, unisamehe mwandiko.

Mumeo anatuibia. Sipendi kulisema, lakini nikinyamaza nitakuwa nimeshirikiana naye. Picha za harusi alizonitumia ni nakala ndogo. Nilimuuliza kwa adabu, akaniletea hadithi za flashi yenye homa, kisha akatuma flashi ya pili, na humo namo zilikuwa ndogo vilevile. Nimezipima kwa kipimo cha Baba, kipimo ambacho hakijawahi kudanganya. Picha kubwa anazo yeye. Zinakwenda wapi? Wewe mwenyewe uliniambia ile studio mpya ng'ambo ya barabara imetundika bibi harusi mlangoni, mkubwa kama mlango wenyewe. Jumlisha.

Na unajua aliniomba nini? Nisikuambie. Mtu asiye na kosa haombi hivyo, Mama.

Baba alimwokota akiwa hana mbele wala nyuma, akamfundisha kushika taa. Baba alipokufa, akashika kamera. Halafu akashika na nyumba. Mimi nilimeza yote hayo kwa sababu yako. Lakini jina la Baba liko juu ya mlango wa ile studio, na sitakubali lichezewe. Mwambie Mjomba aitishe kikao.

Mwanao,
Kitinda


Alhamisi, 28 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeipata na uliloagiza limefanyika.

Mjomba wako alikuja Jumapili na mama yako mdogo, na yule jirani mwenye duka, maana Mjomba alisema lazima awepo mtu wa nje wa kushuhudia. Tulikaa studio. Mjomba alisoma barua yako kwa sauti, yote, hata pale pa kuokotwa. Nilimwomba aparuke, hakuparuka.

Mume wangu alisikiliza. Akainuka, akawasha kompyuta, akamfungua bibi harusi, akaweka kiganja. Uso ulijaa. Akatugeukia kama mtoto aliyepata hesabu. Mjomba akasema, "Naam, hiyo ndiyo kubwa uliyobaki nayo. Mtoto ulimtumia ndogo." Jirani akatikisa kichwa. Hapo sikuona tena mahali pa yeye kupitia. Akionyesha picha ni kubwa, ameficha. Asipoonyesha, ameuza.

Mjomba akanigeukia mimi. Akasema wakati umefika wa kujua nimesimama na nani, na damu yangu au na mshika taa. Nilifungua mdomo. Kabla sijasema, mume wangu akasema, "Msimsumbue. Nilichukua. Picha niliuza mimi."

Basi. Aliweka funguo mezani, na kamera, na ule mkanda wake alioushona mwenyewe ulipokatika. Akachukua godoro dogo. Watu wa mtaani walikuwa wamesimama nje, wengine wakijifanya wanasubiri picha za pasipoti. Nasikia amepanga chumba nyuma ya kinu cha unga.

Kazi ya harusi malizia unavyoweza. Mwalimu nimemwambia picha ya ukutani haitapatikana.

Mama yako


Jumanne, 23 Aprili

Fundi Taa,

Barua hii nampa kondakta, nimemwambia aulize kinu cha unga. Sijui kama utaipokea. Ukiichana nitaelewa.

Mama alinitumia picha za Baba nizisafishe kwa ajili ya kumbukumbu yake. Ya mwisho kabisa ni ile aliyoniamuru nimpige mwenyewe, mwaka ule wewe ulipomwekea taa upande wa kushoto akakugombeza. Ndiyo picha niliyojifunzia. Jioni ile alinishika mkono akauweka juu ya uso wake kwenye skrini, na uso ukajaa, akasema, "Umefuzu."

Jana niliifungua hapa. Asilimia mia. Nikaweka kiganja juu ya uso wa Baba. Haukujaa. Ulinifika katikati.

Nilikaa nikauangalia mkono wangu kama wa mtu mwingine. Faili lile halijawahi kushikwa na wewe. Ama Baba naye alikuwa mwizi, ama kipimo kimeharibika.

Nikamwita fundi wa kompyuta wa hapa, kijana mmoja mpenda maandazi. Wala hakuacha kutafuna. Alisema picha ni nukta, na asilimia mia maana yake ni nukta moja ya picha ikae kwenye nukta moja ya skrini. Hii skrini mpya nukta zake ni ndogo mno, zimebanana. Kwa hiyo picha ileile inaonekana nusu yake. Haijapungua chochote. Maandishi ya menyu kompyuta inayakuza yenyewe, ndiyo maana sikushtuka. Picha haiikuzi, ili usidanganyike. Akanionyesha kona ya chini ya dirisha. Idadi ya nukta imeandikwa pale. Iko pale kila siku. Nikafungua bibi harusi wako na wa mwaka juzi, nikasoma. Idadi ni ileile.

Nimeona aibu nyingi maishani lakini hii sijui niiweke wapi. Tangu skrini hii ije nimehariri kazi za wapiga picha wengine, na hakuna hata mmoja niliyempima. Kiganja niliweka juu ya picha zako tu. Kiliponiambia nilichotaka kusikia, sikuuliza tena.

Nimekupaka matope kwa mkono aliounoa baba yangu. Sijui namna ya kuomba msamaha wa kitu kama hiki, lakini naomba.

Na unieleze jambo moja. Kwa nini ulisema umechukua?

Kitinda


Jumapili, 28 Aprili

Kitinda,

Barua ilifika ikiwa nyeupe kwa unga, kama mimi. Hapa kila kitu kinageuka mzee ndani ya siku moja. Napiga picha za vitambulisho kwa simu, wateja wananiuliza mbona wote wana mvi.

Nimefurahi. Nilianza kujiogopa. Usiku nilikuwa nawaza labda kweli nilibonyeza kitu, nikapunguza picha bila kujua, macho haya si ya kuaminiwa. Sasa nimejua sikubonyeza. Hiyo peke yake ni dawa.

Unauliza kwa nini. Hukuwepo, hukuuona uso wa mama yako. Mjomba alimweka kati, achague. Akinichagua mimi, amekupoteza wewe, maana nakujua, usingekanyaga tena pale. Akikuchagua wewe, atalala na mimi kitanda kimoja akijua ameniita mwizi mbele za watu. Nikaona ni nafuu nimwondolee mtihani. Wahenga walisema ukivuliwa nguo, chutama. Nilichutama.

Usinifanye shujaa lakini. Nilipokuwa natoka na godoro nilitaka mtu mmoja, yeyote, aseme simama. Nilitembea polepole kwa makusudi. Hakuna aliyesema. Naona haya kukuambia kwamba hilo ndilo linaloniuma, kuliko hata neno mwizi.

Sasa nisikilize. Usimwambie mama yako. Akijua alimtoa mtu nyumbani bure, aibu hiyo itamwua, na mimi nimeshaizoea yangu. Picha ya mwalimu ichapishe, mwambie zilipatikana. Yaishe.

Fundi Taa


Jumatano, 8 Mei

Mama,

Shikamoo.

Ameniomba nisikuambie, na safari hii pia nitamvunjia ombi lake. Afadhali mara hii nalivunja nikimtetea.

Hakuiba. Picha zilikuwa kubwa tangu mwanzo. Skrini yangu mpya ndiyo inayozionyesha ndogo. Nikueleze kwa cherehani yako: ukishona mishono mia ya hatua ndefu, mstari unakuwa mrefu. Ukishona mia ileile ya hatua fupi, mstari unapungua nusu, lakini mia ni mia. Mimi nilipima urefu wa mstari nikasema uzi umeibwa. Kuhesabu mishono sikuhesabu, na hesabu ilikuwa imeandikwa mbele yangu.

Picha ya ukutani ya mwalimu imetoka kwenye printa leo. Nimesimama mbele yake. Unaona hadi uzi wa shela. Haina doa.

Alikiri ili usichague kati yetu. Mama, sina uso wa kukutazama. Nilikuwa nikitafuta kosa lake tangu siku mlipooana, na nilipolikosa nikalitengeneza. Nilimtumia Baba kama rungu. Sijui utanifanya nini, lakini nifanye.

Mwanao,
Kitinda


Jumatatu, 20 Mei

Mwanangu,

Nimekaa na barua yako siku nyingi. Sikuwa nimekasirika. Nilikuwa natafuta namna ya kuandika hili.

Nilijua.

Si mambo ya skrini, hayo ndiyo kwanza umenifundisha. Nilijua hakuiba. Ile flashi ya pili tuliijaza pamoja, ingawa hakuniambia kwa nini inajazwa upya. Nilikaa naye studio nikipinda gauni, akawa ananitajia kila picha inayoingia, huyu ni shangazi mtu, huyu ni mpishi, huyu amefumba macho. Alizihamisha zote mbele yangu, moja kwa moja kutoka kwenye kadi. Mjomba wako alipouliza nimesimama na nani, jibu lilikuwa kinywani mwangu. Ningesema, "Nilikuwepo," na kikao kingekwisha.

Sikusema kwa sababu nilikuogopa wewe. Tangu niolewe naye unaniamkia kama unamwamkia mwalimu wa zamu. Nilisema moyoni, nikimtetea huyu mwanaume mbele ya ukoo, mwanangu atasema mama amemsahau baba. Alipokiri, nilishukuru. Mungu anisamehe, nilishukuru. Nikamwangalia anavyotoka polepole na lile godoro, nikajua anasubiri nini, na sikuinuka kwenye kiti.

Kwa hiyo usijibebeshe peke yako. Wewe hukujua. Mimi nilijua, nikakaa.

Jana nilikwenda kwenye kinu. Nilikwenda giza likiwa limeingia, nimejifunga mtandio hadi puani. Alifungua mlango nusu. Nilimwambia yote. Alinipa kiti, akanipa maji, akaniuliza kama nimekunywa dawa. Nikamwambia twende nyumbani. Akasema, "Nilitolewa mchana, watu wakiangalia. Siwezi kurudishwa usiku umejifunika mtandio." Hakusema kwa ubaya. Alinisindikiza mpaka taa za barabarani akarudi.

Nikamwendea Mjomba wako aitishe kikao tena. Anasema yaliyopita yamepita, kufukua ni kuuaibisha ukoo. Ukoo gani, sijui. Aliyeaibishwa ni mmoja, na yuko kwenye unga.

Nimemwambia kikao kitakaa Jumamosi ya kwanza ya Juni, atake asitake, na nisipomwona nitasimama mlangoni kwake niseme huko huko kwa sauti. Jirani wa duka nimemwita mwenyewe. Njoo.

Mama yako


Jumapili, 26 Mei

Fundi Taa,

Shikamoo.

Mama amekwishakuambia kuhusu Jumamosi. Nakuja. Nimeomba ruhusa kazini, na nimewaomba waniazime hii skrini mpya. Wamekubali, nitaifunga kwa mablanketi niipakate ndani ya basi. Nimepanga hivi: naiweka mezani kando ya ile ya zamani, nafungua bibi harusi kwenye zote mbili, asilimia mia, faili moja. Mjomba aone kwa macho yake uso mkubwa na uso mdogo, kisha nimsomee idadi ya nukta kotekote. Jirani naye aone. Nimejifunza maelezo vizuri, nimeyajaribu kwa mfagiaji wa hapa akaelewa. Hakuna atakayebaki na shaka kwamba tatizo lilikuwa skrini.

Nakuomba tu uwepo. Najua ni kukuomba ukae tena mbele ya watu walewale.

Kitinda


Jumatano, 29 Mei

Kitinda,

Marahaba. Nitakuwepo. Nimeshafua shati, na nimelianika mbali na kinu.

Ile skrini iache huko. Najua ulivyojiandaa, na mfagiaji mpe pongezi zangu. Lakini Mjomba wako namfahamu. Ukiweka mashine mbili mezani atazizunguka, atauliza bei, atakohoa, mwishoni atasema kumbe mashine ndiyo iliyokosea, tushikane mikono tukale. Na wote mtakubali, hata mama yako, kwa sababu itakuwa nafuu kwa kila mtu. Nitarudi nyumbani kama mtu aliyesumbuliwa na umeme.

Mashine haikukosea. Ilionyesha nukta kama zilivyo. Wala haikuniita mwizi. Mlioniita ni ninyi watu, na mmoja alijua sivyo akanyamaza, na mimi mwenyewe nikasaidia kwa kuitikia.

Njoo mikono mitupu, usimame mbele yao, useme ulivyoniandikia: kwamba wapiga picha wengine hukuwapima, ulinipima mimi tu.

Fundi Taa